Nyumba ya wazee inapoombewa kibali mtaani Marekani: nini hupimwa, na nini hakiruhusiwi kupimwa

Ubao wa tangazo husimikwa kwenye nyasi mbele ya nyumba: ombi la kibali, anwani, idadi ya wakazi wanaotarajiwa, tarehe ya kikao. Hazipiti siku nyingi kundi la mtaa mtandaoni limewaka. Mmoja anauliza kama magari ya wagonjwa yatakuwa yanapiga king'ora usiku kucha. Mwingine anahofia bei ya nyumba yake. Wa tatu anasema hana neno na wazee, ila mahali pao si hapa. Upande wa pili yuko anayetaka kufungua, na katika majimbo kama Washington, Minnesota, Arizona na Massachusetts, huyo anaweza kabisa kuwa Mkenya au Mtanzania aliyeanza kwa kuogesha na kulisha wazee wa watu katika zamu za usiku, akadunduliza, sasa anataka nyumba yake mwenyewe.

Pande zote mbili huingia kikaoni zikidhani swali ni moja: mtaa unaitaka nyumba hii au hauitaki? Swali hilo halimo kwenye meza. Yaliyomo ni maswali kadhaa, kila moja lina mwenyewe, na juu yake ipo sheria ya shirikisho inayowakataza waamuzi kugusa mambo fulani hata kama ukumbi mzima unapiga makofi. Asiyeujua mpaka huo hupoteza muda wake, na wakati mwingine huipotezea mji fedha nyingi mahakamani.

Tuanze na nyumba yenyewe. Inayozungumzwa hapa si hospitali, wala si kituo cha uuguzi ambako mgonjwa analazwa na manesi wapo saa 24. Ni makao ya kusaidiwa, ambamo mzee ana chumba chake, anakula mezani na wenzake, na anasaidiwa yale ambayo mwili au kumbukumbu imeanza kumnyima: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kumeza dawa kwa saa yake. Vituo vya uuguzi vinabanwa na kanuni za shirikisho kwa sababu vinalipwa na Medicare na Medicaid, yaani bima za afya za serikali, ya kwanza hasa ya wazee na ya pili ya wenye kipato kidogo. Makao ya kusaidiwa hayana leseni ya shirikisho. Kila jimbo lina sheria yake, na Medicare hailipii kodi ya chumba humo. Ndiyo maana jibu la ndugu yako aliyeko Phoenix, Arizona, haliwezi kukusaidia ukiwa Tacoma, Washington.

Jambo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata ni idadi ya vitanda.

Majimbo mengi yameweka mstari ambao chini yake nyumba ya wazee inahesabiwa sawasawa na nyumba ya familia. California mstari ni wakazi sita. Mwenye leseni ya jimbo ya wazee sita au pungufu hahitaji kibali maalumu cha mji, na mji hauruhusiwi kumtoza au kumdai kitu usichowadai wenye nyumba wengine wa mtaa ule ule. Washington sheria inazitambua nyumba ndogo za kulea watu wazima zenye wakazi wawili hadi sita, kwa kibali cha nyongeza hadi wanane, na inasema wazi kwamba zinaruhusiwa katika kila eneo lililotengwa kwa makazi, pamoja na yale ya nyumba za familia moja. Kuanzia wakazi saba kwenda juu, nje ya mpango huo wa nyongeza, unaingia kwenye leseni nyingine ya makao makubwa. Arizona nyumba ndogo hufika wakazi 10. Wa 11 anaigeuza kituo.

Kwa hiyo jirani anayefika ofisi ya mipango miji kupinga nyumba ya wazee sita huko California huambiwa, kwa upole au kwa ukali, kwamba hakuna kikao. Hakuna ombi la kupinga. Wengi huondoka wakiamini wamefichwa jambo, kumbe bunge la jimbo lilishaamua mambo haya zamani. Likitaka kubadilishwa, pa kupigania ni kwenye bunge hilo. Afisa wa dirishani hana la kufanya.

Vita vya kweli huanza juu ya mstari: wazee 12, au 40, au jengo la ghorofa mbili lenye vitanda 80 kwenye kiwanja ambacho zamani kilikuwa na kanisa. Hapo mji una sauti, na hapo ndipo kibali maalumu cha matumizi kinapoombwa.

Msingi wa sauti hiyo ni kesi ya mwaka 1926, kati ya kijiji cha Euclid, pembeni mwa Cleveland, Ohio, na kampuni ya Ambler Realty. Mahakama Kuu ya Marekani, iliyo ya juu kabisa nchini, ilikubali kwamba serikali za mitaa zinaweza kugawa ardhi kwa matumizi: hapa viwanda, pale maduka, kule nyumba za kuishi. Jaji George Sutherland aliandika kwamba kero huenda ikawa ni kitu kizuri kilichowekwa mahali pasipofaa, kama nguruwe aliyewekwa sebuleni badala ya zizini. Mfano huo umeishi miaka mia, na mitaa mingi ya Marekani bado inautumia moyoni. Tatizo ni kwamba uliandikwa kwa ajili ya matumizi ya ardhi. Watu walipoanza kuutumia kuwapanga binadamu, sheria ikalazimika kurudi mezani.

Kesi ya Cleburne

Anayetaka kuelewa mpaka ulipo asome kilichotokea Cleburne, Texas. Mwaka 1980 mwanamke mmoja alinunua nyumba kwenye Mtaa wa Featherston akikusudia kuipangisha kwa shirika la Cleburne Living Center. Ingekaliwa na watu 13, wanaume kwa wanawake, wenye ulemavu wa akili, wakiangaliwa na wafanyakazi. Ilikuwa na vyumba vinne vya kulala na mabafu mawili, na choo kingine kingeongezwa. Mji uliitazama nyumba hiyo ukaiweka katika fungu la "hospitali ya wenye akili dhaifu". Maana yake ilihitaji kibali maalumu, cha kuhuishwa kila mwaka, na mwombaji alitakiwa kukusanya saini za wenye mali waliomo ndani ya futi 200, yaani mita 60 hivi. Kikao kikafanyika, watu wakasema yao, baraza likakataa kwa kura 3 dhidi ya 1.

Sababu za baraza zilionekana za kawaida kabisa, na ndiyo maana kesi hii inafundisha kuliko nyingine zote. Wenye mali wengi wa karibu hawakupenda, na wakazi wazee wa mtaa waliogopa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na shule, na wanafunzi wangeweza kuwadhihaki wakazi. Nyumba ilikuwa kwenye bonde ambalo hukadiriwa kufurika mara moja katika miaka 500. Na watu 13 ni wengi kwa nyumba ile.

Mahakama Kuu ilizichukua sababu hizi mwaka 1985, moja baada ya nyingine, kwa kalamu ya Jaji Byron White. Shule? Ndani ya shule ile ile walikuwamo wanafunzi wapatao 30 wenye ulemavu huo huo, na mji haukuwahi kuona tatizo. Mafuriko? Sheria ya mji iliruhusu nyumba za wazee na za wanaopona maradhi mahali pale pale bila kibali maalumu, na maji hayachagui nani wa kuzamisha. Idadi? Kama wangekuwa wanafunzi 13 wa chuo au wapangaji 13 wa kawaida, hakuna ambaye angewahesabu. Na chuki au hofu ya majirani, ikiwa haitokani na jambo ambalo mipango miji ina haki ya kulishughulikia, si sababu. Majaji waligawanyika juu ya njia ya kulifikia jibu, na mahakama ilikataa kuwapa wenye ulemavu wa akili kinga ya ngazi ya juu kikatiba, lakini wote walikubaliana kwamba kuidai kibali nyumba hii kulikuwa kosa.

Miaka mitatu baadaye Bunge la Marekani likaenda mbali zaidi. Sheria ya Makazi ya Haki ya mwaka 1968, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson wiki moja baada ya kuuawa Martin Luther King, ilirekebishwa mwaka 1988 ikaongezewa ulinzi wa watu wenye ulemavu na wa familia zenye watoto. Angalia vizuri: umri haumo kwenye orodha hiyo. Mzee halindwi na sheria hii kwa sababu ni mzee. Analindwa kwa sababu hawezi kuoga au kutembea au kukumbuka bila msaada, na mtu anayehamia makao ya kusaidiwa kwa kawaida yuko katika hali hiyo. Nimesikia mawakili wa pande zote mbili wakiteleza hapa, mmoja akitetea "haki za umri" ambazo sheria hii haina, mwingine akidai wazee si walemavu hivyo hawahusiki.

Sheria hiyo pia inaubebesha mji wajibu wa kulegeza kanuni pale inapostahili ili mwenye ulemavu apate kuishi kama wengine. Kanuni ikisema wakazi wanane, na mwombaji akaonyesha kwamba bila 10 nyumba haiwezi kuajiri mhudumu wa usiku, mji unatakiwa ulipime ombi hilo kwa uzito: linahitajika kweli? Linabebesha mji mzigo mkubwa? Linavunja kabisa sura ya eneo? Kujibu tu "kanuni ni kanuni" ni kujichimbia shimo. Mji wa Edmonds, Washington, ulijaribu njia ya kusema kwamba familia ni ndugu wa idadi yoyote, au watu wasiohusiana wasiozidi watano, ili kuizuia nyumba ya watu 10 hadi 12 waliokuwa wakijinasua na ulevi na dawa za kulevya. Mwaka 1995 Mahakama Kuu iliamua, majaji 6 kwa 3, kwamba kifungu cha namna hiyo hakiponyoki mbele ya sheria ya shirikisho.

Je, jirani amezibwa mdomo? Hapana, na hili lisemwe kwa sauti. Mjini Berkeley, California, wakazi watatu walipinga kugeuzwa kwa moteli kuwa makazi ya watu wasio na nyumba. Maafisa wa wizara ya makazi ya shirikisho wakawachunguza kwa miezi, wakidai nyaraka zao na majina ya wenzao. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ilisema maafisa hao ndio waliovunja katiba. Jirani ana uhuru wa kusema hata lisilopendeza. Anayebanwa ni mwamuzi: diwani ambaye mwenyewe hana chuki yoyote, lakini anapiga kura ya hapana ili kuwaridhisha wenye chuki, anaitia halmashauri yake hatiani.

Maswali yenye nguvu

Baada ya hayo mtu anaweza kudhani mwombaji ameshashinda. Hajashinda. Yapo maswali halali, na mengi ni mazito kuliko yale yanayopigiwa kelele.

Magari, kwa mfano. Wahandisi wa usafiri wa Marekani hutumia makadirio ya kitaifa: nyumba ya familia moja huzaa safari zipatazo 9.4 kwa siku ya kazi, kwenda na kurudi zikihesabiwa mbalimbali. Kitanda kimoja cha makao ya kusaidiwa huzaa kama 2.6. Fanya hesabu. Wazee sita ni safari chini ya 16, haifiki nyumba mbili za kawaida. Wazee 80 ni safari 208, sawa na nyumba 22. Kwenye barabara kuu si kitu; kwenye kijia kisichotokea upande wa pili, ni hoja. Anayesimama kikaoni akasema "foleni itatuua" hana alichosema. Anayesema "safari 208 kwenye barabara yenye upana huu, na zamu inabadilika saa ile ile watoto wanapotoka shule" ameilazimisha kamati kujibu.

Maegesho nayo yana saa yake. Wazee wengi hawaendeshi tena. Msongamano hutokea zamu zinapopishana, kwa sababu wa zamu mpya hufika kabla wa zamu ya zamani hajaondoka, na Jumapili mchana familia zinapotembelea. Mji unaweza kuweka sharti kwamba wafanyakazi wasibadilishe zamu wote kwa wakati mmoja, au wafanyakazi waegeshe ndani ya kiwanja. Sharti kama hilo halimuumizi mtu na linaondoa ugomvi wa miaka.

Halafu moto. Hapa ndipo ningependa majirani na waombaji wote watumie muda wao mwingi, kwa sababu hapa ndipo watu hufa.

Kanuni ya majengo inayotumika sehemu kubwa ya nchi huyagawa makao haya kwa idadi: watano au pungufu, sita hadi 16, zaidi ya 16. Kila ukipanda ngazi, madai ya kuta zinazozuia moto, milango na vinyunyizio vya maji darini yanaongezeka. Washington wanakwenda hadi chumba kimoja kimoja. Mkaguzi wa majengo anaingia na karatasi yake na kila chumba cha kulala anakipa alama: S, ambacho njia yake ya kutokea ina ngazi, kwa hiyo ni cha mtu anayeweza kujitoa mwenyewe moto ukizuka, na NS1 au NS2, chenye njia moja au mbili za kutokea zisizo na ngazi, ambazo kiti cha magurudumu kinapita. Mzee aliyehamia akitembea vizuri katika chumba cha S, akianguka akavunjika nyonga, hawezi tu kurudi chumba kile kile kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kanuni za jimbo zinataka nyumba iweze kuwatoa watu wote nje katika muda wa dakika tano au pungufu, na zoezi lifanywe angalau kila miezi miwili. Dakika tano, saa nane usiku, mhudumu mmoja, wazee sita, wawili wao hawasimami. Muulize mwombaji atafanyaje. Aliyejiandaa atakuonyesha njia kwa kidole. Asiyejiandaa ataanza kueleza jinsi anavyowapenda wazee.

Na hapa mambo mawili yanayoonekana kupingana yanakaa pamoja bila shida. Udhaifu wa mzee hauwezi kuwa sababu ya kumnyima nyumba mtaani. Udhaifu ule ule ni sababu halali ya kudai mlango mpana, mteremko wa kiti cha magurudumu na vinyunyizio darini. Mkaguzi anayepima kasi ya kutoka hambagui mtu. Diwani anayesema "wagonjwa wa kumbukumbu watatangatanga kwenye bustani zetu" anabagua, isipokuwa aulize swali la ujenzi lililojificha ndani yake: uzio upo, na mlango unatoa kengele ukifunguliwa?

King'ora cha gari la wagonjwa kiko katikati. Makao makubwa huita zimamoto mara nyingi, mara nyingine kwa jambo dogo la kumnyanyua mzee aliyeanguka bila kuumia, na baadhi ya miji imeanza kutoza ada kwa wito wa aina hiyo. Kuuliza nyumba itakuwa na wafanyakazi wangapi wenye mafunzo na vifaa vya kunyanyua ni halali. Kusema hutaki kusikia wagonjwa wakichukuliwa si hoja ya mipango miji.

Kuhusu bei za nyumba nitasema kwa kifupi: jambo hili limechunguzwa mara nyingi tangu miaka ya 1970, na tafiti nyingi hazikuona bei za jirani zikishuka kwa sababu ya nyumba ndogo za uangalizi. Hofu hiyo ni ya kweli kwa mwenye nayo. Kamati haiwezi kuijengea uamuzi.

Linalobaki bila jibu moja ni umbali kati ya nyumba na nyumba. Miji na majimbo kadhaa yaliweka kanuni kwamba nyumba za uangalizi zisikaribiane, ili mtaa mmoja usigeuke wote kuwa vituo. St. Paul, Minnesota, ilikuwa na futi 1,320, robo maili, na mahakama ya rufaa ya kanda ya nane iliikubali mwaka 1991. Michigan ilikuwa na futi 1,500, na mahakama ya kanda ya sita iliikataa mwaka 1996. Wizara za sheria na makazi za shirikisho zilitamka mwaka 1999 kwamba kanuni za namna hiyo kwa jumla hazipatani na Sheria ya Makazi ya Haki. Binafsi nazielewa nia za waliozitunga, maana mtaa wenye vituo kila kona haumpi mzee ule ujirani alioufuata. Lakini kanuni inayomwambia mtu mwenye ulemavu "hapa mmeshajaa" ina uzito wake, na mwombaji asinunue nyumba kabla hajajua mji wake unasemaje.

Kikao chenyewe kina utaratibu wake. California tangazo hutumwa angalau siku 10 kabla, kwa wenye mali waliomo ndani ya futi 300, kama mita 90. Kabla ya kikao wataalamu wa mji hutoa ripoti iliyo wazi kwa wote, na ndiyo karatasi muhimu kuliko hotuba yoyote. Asiyeisoma atazungumza nje ya mada. Kamati haipigi kura tu. Inatakiwa iandike imeona nini na kwa ushahidi upi, na mahakama ya juu kabisa ya California ilishasema mwaka 1974 kwamba maelezo hayo lazima yaonyeshe njia kutoka kwenye ushahidi hadi uamuzini. "Wananchi wengi wamepinga" si njia. Asiyeridhika hukata rufaa kwa baraza la mji, kwa kawaida ndani ya siku chache tu, kisha mahakamani.

Kibali kikitoka, kazi ya jirani haijaisha, ila milango ya kubisha inabadilika. Magari yakiziba barabara au idadi ya wakazi ikizidi iliyoidhinishwa, ni ofisi ya mji inayosimamia masharti. Mlango wa kutokea ukirundikiwa masanduku, ni zimamoto. Mzee akionekana ana michubuko, au anapiga kelele dirishani na hakuna anayekwenda, ni idara ya leseni ya jimbo, ambayo hupokea malalamiko na kuja bila taarifa. Na kila jimbo, kwa sheria ya shirikisho ya wazee, lina mtetezi wa wakazi wa makao haya, ambaye kazi yake ni kumsikiliza mzee mwenyewe. Simu hiyo inaweza kupigwa na yeyote, akiwemo yule jirani aliyepinga.